Chupa tatu za Kahawa West: kisa cha vitamini ya njano iliyobaki usiku mmoja tu iingie kwenye uji wa watoto

Jumapili jioni nikiwa nimekaa nje naosha viatu vya kazi, mpwa wangu akanipigia simu akiongea mbio mbio hadi nikadhani kuna mtu amegongwa barabarani, kumbe ni furaha. “Anko, habari ya jioni, sikiza, vitamini imetoka. Imekuwa njano kabisa. Kuja uone kabla sijaipeleka kesho.” Hilo neno kesho ndilo lilinifanya nivae viatu vikiwa bado vina maji nikapanda matatu ya Kahawa West, hapa Nairobi.

Nimeamua kuandika hiki kisa chote vile kilienda, manake najua kuna vijana wengi mtaani wenye akili kama ya huyu kijana wetu, wanasoma kitu kwa simu, wanaelewa karibu yote, na kile kidogo hawajaelewa ndicho kinabeba hatari yote. Na sijaandika kumkatisha mtu tamaa. Wazo lake lilikuwa zuri, na sehemu ya hilo wazo tunaendelea nayo mpaka leo.

Bedsita yake iko ghorofa ya tatu, kitanda, meza moja, jiko la gesi, na chini ya meza amepanga chupa tatu za kioo zenye mdomo mpana, kila moja imefunikwa kitambaa safi na kufungwa na mpira. Ameziandika kwa maka: NAZI, WARIDI, B2. Ana diploma ya mambo ya vyakula na amekuwa akitafuta kazi karibu miaka miwili, na nitasema ukweli, usafi wake ulinipendeza, kila chupa alikuwa ameipika kwa presha kuka nusu saa kabla ya kupanda chochote na alikuwa na daftari la tarehe. Mimi niko maabara mwaka wa 14 sasa, kazi yetu kubwa ni kupima nafaka, na nimeona watu wenye digrii ambao hawaweki daftari.

Wateja tayari walikuwepo. Rafiki yake wa Kariobangi Light anatengeneza loshoni na alitaka harufu ya nazi na ya waridi ambayo anaweza kuandika kwa lebo kwamba ni ya asili. Halafu kuna mama mmoja anachanganya unga wa uji, wimbi, mtama, soya, na anauzia deikea kadhaa pale pale mtaani. Mama alikuwa amemwomba vitamini “isiyo ya kemikali” ya kuweka kwa unga. Kesho yake, Jumatatu, ndiyo alikuwa achukue.

Sasa kabla sijaendelea, hii kitu ya kuvu kutengeneza vitamini na manukato si uongo wa mtandaoni, hapo kijana alikuwa sahihi kabisa. Vitamini B2, ile inaitwa riboflavini, ilitengenezwa viwandani kwa miaka mingi na kuvu anayeitwa Ashbya gossypii. Huyu kuvu ni ugonjwa wa pamba, yaani anaharibu vitumba vya pamba, alielezwa na wanasayansi mwaka wa 1926, anasambazwa na wadudu wanaotoboa vitumba wakifyonza. Watu wakagundua anatengeneza B2 nyingi kuliko anayohitaji, nyingi mno, hadi yeye mwenyewe anageuka njano. Kampuni ya BASF kule Ujerumani ilianza kumtumia mwaka wa 1990 na kufikia 1996 ikafunga kabisa ile njia yake ya zamani ya kemikali. Chakula anachopewa ni mafuta ya mimea kama ya soya, na akishughulikiwa vizuri anatoa zaidi ya gramu 10 za vitamini kwa lita moja. Viwanda vingine siku hizi wanatumia bakteria, Bacillus subtilis, lakini kuvu bado yuko kazini. Kuna mwingine, Blakeslea trispora, huyo anatengeneza beta karotini, ile rangi ya machungwa ya karoti ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na maajabu yake ni kwamba lazima uoteshe aina mbili pamoja, ya kujumlisha na ya kutoa, ndio rangi iongezeke. Kwa hivyo kijana hakuwa anaota.

Shida ni pale alitafuta Ashbya.

Hii mbegu ya kweli inanunuliwa kwa hazina za vijidudu za nje, na kwa sababu ni ugonjwa wa mmea huwezi kuileta Kenya bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea. Hakuwa na pesa wala kibali. Akafikiria hivi, na ukisikiza utaona mantiki yake: kuvu huyu anakaa kwenye pamba iliyoharibika, shangazi yake yuko Makueni na ana pamba kidogo shambani, basi nitaomba vitumba vilivyooza vyenye madoa ya njano, nitatoa huyo kuvu mwenyewe. Vitumba vikaja kwa basi ndani ya bahasha ya kaki. Akachukua kipande cha pamba yenye doa akakitia kwa chupa yenye pumba ya mahindi iliyopikwa na mafuta ya soya. Siku ya tatu ikawa nyeupe juu. Siku ya tano ikaanza njano. Siku ya nane, njano imeiva, akanipigia simu.

Niliinua kitambaa kidogo tu nikakirudisha haraka. Uso wa chupa ulikuwa na unga unga laini wa kijani kibichi kinachoelekea njano, kama unga wa dengu uliochanganywa na majivu ya majani, na maji ya chini ndiyo yalikuwa njano. Nikamwambia afungue dirisha na avae barakoa, yeye bado anatabasamu. “Anko, si hiyo ndiyo rangi yenyewe?”

Sikutaka kumjibu kwa kudhani. Nikamwambia twende na vipimo, hata kama ni vya nyumbani, tuone kila kimoja kinasema nini.

Cha kwanza alikitoa yeye mwenyewe. Alikuwa amesoma kwamba riboflavini inang'aa kijani njano chini ya taa ya urujuanimno (UV), na ni kweli. Dada wa M-Pesa pale chini akatupatia ile taa yake ya kuangalia noti feki. Tukazima stima. Nilikuwa nimenunua tembe za B complex kwa duka la dawa njiani, nikasaga moja nikaiyeyusha kwa glasi ya maji, maji yakawa njano kama mkojo wa mtu aliyekunywa hizo tembe, na chini ya taa glasi yote ikawaka kijani njano mpaka tukaona sura zetu. Tukaleta chupa ya B2. Nayo ikawaka, hafifu, lakini ikawaka. Kijana akapiga makofi. Nakiri hapo hata mimi nilisita, nikajiuliza kama nimemhukumu bure.

Halafu nikaomba ile bahasha ya kaki. Nikatoa kitumba kimoja cha pamba ambacho hakuwa ametumia nikakiweka chini ya taa, na ndani ya pamba nyeupe kukatokea mistari myembamba ya kijani njano mkali sana, inakaa kama nyuzi za taa. Mimi huo mwako naujua. Kwa mahindi tunauona kila mwaka kazini. Unatokea pale kuvu wa Aspergillus flavus ameingia ndani ya mmea ukiwa bado hai, anatoa kitu kinaitwa asidi ya koji, vimeng'enya vya mmea vinaigeuza, na hiyo ndiyo inang'aa. Si sumu yenyewe, ni alama ya mguu wa mwenye sumu. Na Aspergillus flavus anapenda pamba kama vile anapenda mahindi na njugu.

Kwa hivyo hapo taa ilituacha njia panda kabisa. Riboflavini inang'aa kijani njano. Mwako wa asidi ya koji ni kijani njano. Na aflatoksini, yaani sumu zenyewe za huyo kuvu, nazo zinang'aa, zile za kundi B buluu na za kundi G kijani, hizo herufi zimetokana na majina ya hizo rangi kwa Kiingereza. Vitu vitatu, kimoja ni lishe na kingine kinaua ini, na taa ya noti haiwezi kukuambia ni kipi kiko ndani ya maji ya njano yaliyochanganyika. Nimeona watu wakitumia hiyo taa kukagua mahindi na kusema ni salama kwa sababu hayajawaka. Hapana. Inakuonyesha pa kushuku, basi.

Kipimo cha pili ndicho nakipenda zaidi kwa sababu hakina gharama hata shilingi. Riboflavini inachukia mwanga. Ndio maana maziwa yakikaa juani kwa chupa nyeupe yanapoteza B2 yake kwa saa chache tu. Jumatatu asubuhi kijana akajaza vichupa vinne vidogo, viwili vya maji ya tembe na viwili vya maji ya njano aliyochuja kutoka kwa chupa, akiwa amevaa glavu na barakoa hii safari. Kwa kila jozi kimoja kikafungwa foili na kingine kikaachwa bila foili, akavifunga vyote vizuri akaviweka paani pale watu wanaanika nguo, saa nne mpaka saa nane mchana, na akakaa hapo hapo kuvilinda watoto wasicheze navyo. Akanitumia picha nikiwa kazini. Kichupa cha tembe kilichokaa wazi kilikuwa kimepauka karibu kuwa maji matupu, na ndugu yake wa ndani ya foili bado njano ya kuwaka. Vile vichupa viwili vya chupa yake vilikuwa sawasawa, njano moja, ya juani na ya foili huwezi kutofautisha.

Akaandika chini ya picha maneno mawili tu: “Si B2.”

Hapo ndipo nilijua huyu kijana atakuwa mtu wa maabara siku moja, kwa sababu kipimo kilimwambia kitu asichotaka kusikia na akakiandika hivyo hivyo kwa daftari.

Jumanne bosi wangu akakubali tuingize sampuli kazini, ndani ya kabati la hewa, kila kitu kimefungwa. Kwa darubini hakukuwa na mjadala. Ashbya ana spora, yaani mbegu zake, nyembamba zilizochongoka kama sindano. Sisi tuliona shina refu lenye kichwa cha mviringo na minyororo ya spora inatoka pande zote kama nywele zilizosimama, yaani Aspergillus. Kisha tukafanya kile kipimo cha kipande cha karatasi cha aflatoksini, kile kinatumika kwa mahindi, na hapa kuna jambo tulikuwa tumebishana njiani: kijana alisema labda sumu ilikuja na pumba kutoka posho mili, si kuvu wake. Hoja nzuri. Kwa hivyo tukapima vitu viwili, pumba iliyobaki kwa gunia na mabaki ya pumba kutoka kwa chupa yaliyokaushwa. Hicho kipande kinachanganya watu kwa sababu kinasomwa kinyume: mstari wa kwanza hutokea daima kuonyesha kipande kinafanya kazi, ule wa pili ukitokea ni vizuri, ukikosa kutokea ndio sumu imepita kiwango, kwa hicho chetu ni sehemu 10 kwa bilioni, kiwango kile kile cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwa mahindi. Pumba ya gunia, mistari miwili. Pumba ya chupa, mstari mmoja peke yake. Tukarudia. Mmoja peke yake.

Yaani alikuwa ameotesha sumu kwa uangalifu mkubwa, joto zuri, unyevu mzuri, usafi wa kuwaondolea washindani wote, na kama simu ile isingepigwa Jumapili hiyo ingeenda kwa uji wa watoto wa miaka miwili.

Naomba hapa nikae kidogo, kwa sababu swali la kwanza mama wa unga aliuliza alipoelezwa ni, si uji huchemshwa? Si moto ungeua? Moto unaua kuvu, ndiyo. Sumu haitoki. Aflatoksini inavumilia joto la sufuria, la presha kuka, la oveni ya mkate, ugali unaiva na sumu nyingi iko pale pale. Mwaka wa 2004 kule Makueni na Kitui na majirani zao watu 317 waliugua kwa mahindi yenye hii sumu na 125 wakafa, na hao wote walikuwa wanakula ugali uliopikwa na githeri iliyochemshwa masaa. Makueni, pale pale vitumba vilitoka. Shangazi yake kijana anawakumbuka majirani waliozikwa mwaka huo, na aliposikia chupa ilikuwa na nini alinyamaza kwa simu muda mrefu. Na ile ya kufa haraka ni sehemu ndogo, kuna ile ya kidogo kidogo kila siku ambayo inaenda polepole hadi saratani ya ini.

Kijana alikuwa anataka mabaki awape kuku wa jirani yasipotee bure. Nikamkumbusha kwamba dunia ilijua hii sumu kupitia ndege: mwaka wa 1960 Uingereza batamzinga zaidi ya laki moja walikufa na watu wakaita ugonjwa wa X kwa kukosa jina, kumbe ni mashudu ya njugu yenye ukungu yaliyotoka Brazili. Basi chupa ya B2 tuliijaza jiki ikalala humo usiku kucha, maana dawa ya klorini inaivunja aflatoksini kwa kiasi kikubwa, na kitambaa, glavu, bahasha ya pamba, vyote vikaenda na taka za maabara za kuchomwa. Meza na sakafu ya bedsita akapangusa kwa jiki na kitambaa chenye maji, asifagie, ukifagia spora zinapanda hewani unazivuta.

Sasa zile chupa mbili nyingine, kwa sababu sikutaka aondoke amekata tamaa.

NAZI ilikuwa imefanya kazi vizuri ajabu. Ukisogeza pua unasikia nazi iliyokunwa, tena nazi tamu, nikashangaa. Hiyo harufu inatoka kwa kitu kimoja hasa, jina lake refu ni 6-pentili-alfa-paironi, na Trichoderma, kuvu wa udongo aliyemtoa kwa kifurushi cha agroveti, wanakitengeneza kama silaha yao ya kupigana na kuvu wengine kwenye udongo. Lakini daftari lake lilionyesha harufu ilipanda hadi siku ya tano kisha ikakwama, akaongeza pumba, akaongeza maji, wapi. Sababu ni kwamba silaha inamchoma mwenye kuishika: ikifika kama miligramu 100 kwa lita Trichoderma mwenyewe anaanza kulemewa, ukuaji unasimama. Wanaofanya kazi hii kwa makini wanaitoa harufu jinsi inavyotengenezwa, wanaweka tabaka la mafuta juu, harufu inapenda mafuta kuliko maji, inahamia huko na kuvu anapumua. Kijana macho yakamwaka, akasema basi naweka mafuta ya nazi juu, yanameza harufu, nampelekea jamaa wa loshoni moja kwa moja.

Hapo nikakataa, na tukabishana vizuri tu. Hicho kifurushi cha agroveti kimesajiliwa kwa ajili ya udongo, si ngozi ya mtu. Trichoderma wako aina nyingi na baadhi wanatoa pamoja na harufu vitu vingine vyenye sumu, na mafuta hayachagui, yanavuta harufu na yanavuta na hivyo vingine vinavyopenda mafuta. Kiwandani wanajua aina yao kwa jina na namba, wanaitenga harufu peke yake, wanaipima kwa mashine wanaona ni safi, ndipo inaitwa kiungo. Sisi tulikuwa na pua tu. Na pua ilikuwa imetudanganya wiki hiyo hiyo, manake hata ile chupa ya B2 ilikuwa inanukia tamu tamu kama mkate unaoanza kuchacha. Kwa sasa NAZI imebaki ya kujifunzia, anapima siku, anapima tabaka la mafuta, hauzi.

WARIDI ndiyo ilikuwa dhaifu kuliko zote kwa harufu na kwangu ndiyo yenye maisha mbele. Humo mlikuwa na hamira ya mkate, sukari, na maji ya soya yaliyochemshwa. Hamira naye ni kuvu, watu husahau. Ukimpa asidi amino inayoitwa fenilalanini anaivunja hatua kwa hatua na mwisho anatoa fenili ethanoli, ambayo ndiyo harufu ya waridi. Njia hiyo ilielezwa na Mjerumani Felix Ehrlich mwaka wa 1907 na inabeba jina lake mpaka leo, na kidogo chake kiko kwenye mkate, kwenye busaa, kwenye muratina, ndio maana muratina nzuri ina ule utamu wa maua kwa nyuma. Kijana alikuwa anategemea soya impe fenilalanini, lakini soya iliyochemshwa tu asidi zake bado zimefungwa ndani ya protini, hamira haziwezi kuzifikia. Tukanunua fenilalanini yenyewe kwa duka la kemikali tauni, gramu chache, bei inauma lakini si ya kushindwa, na siku ya tatu chupa ikabadilika.

Na hapa nieleze kitu kuhusu neno mafuta ya manukato, kwa sababu jamaa wa Kariobangi alikuwa anauliza kama hii ni sawa na mafuta ya waridi yenyewe. Si sawa. Mafuta ya waridi ya kukamua kwa mvuke yanataka kama kilo 3,500 au 4,000 za maua kwa kilo moja ya mafuta, na ni mchanganyiko wa vitu vingi, sitronelo, jeranio na wenzao. Fenili ethanoli inapenda maji, kwa hivyo wakati wa mvuke nyingi inakimbilia kwenye maji na ndiyo inayofanya maji ya waridi yanukie vile. Kwa hivyo chupa yetu haikuwa inanukia kama kichupa kidogo cha bei ghali. Ilikuwa inanukia marashi. Jirani wa ghorofa ya pili ni mama wa Lamu, alipita mlangoni akasimama, akabisha hodi, akauliza, “Wanangu, kuna harusi humu ndani?” Alikuwa anafikiria mrashi, ule wa kunyunyizia wageni. Kijana alifurahi kuliko alivyofurahia ile njano.

Kikomo kipo pia. Ikifika gramu mbili tatu kwa lita hamira wanalewa na kusimama, ni kisa kile kile cha NAZI, anayetengeneza anaumizwa na alichotengeneza, na dawa ni ile ile ya kuitoa mapema. Tofauti ni kwamba hapa tunamjua aliye ndani ya chupa. Hamira ya dukani imekaa na binadamu maelfu ya miaka, na bado tumekubaliana hakuna tone linaenda kwa ngozi ya mtu kabla halijapita kwa mashine ya kupima usafi, tumeshaulizia bei na tunachangishana. Ulaya sheria yao ya mwaka wa 2008 inaruhusu ladha iliyotengenezwa na vijidudu kuitwa ya asili, kwa hivyo soko la hiyo kitu lipo, si ndoto ya mtaa.

Nirudi kwa vitamini, kwa sababu mama wa unga hakuwa amekosea kutaka watoto wale vizuri. Tulienda kumwona mimi na kijana, yeye ndiye aliyeongea, akamwomba msamaha akamwambia kila kitu bila kuficha. Mama alikaa kimya, halafu akauliza sasa nifanyeje na nimeahidi watu. Tukapiga hesabu pamoja kwa karatasi ya kufungia. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama nusu miligramu ya B2 kwa siku. Kikombe kimoja cha maziwa kinabeba karibu hiyo yote. Uji wake ukipikwa na maziwa nusu, au ukitiwa omena ya kusaga, au deikea ikiongeza yai, B2 inaongezeka vizuri. Unga wa mahindi wa pakiti tayari kwa sheria ya 2012 unawekwa vitamini kadhaa na B2 ikiwemo, ni huu wake wa kusaga posho mili ambao hauna. Akauliza na B12 je, kuvu hawezi? Hawezi, hakuna kuvu anayetengeneza B12, hiyo ni kazi ya bakteria na vijidudu vinavyofanana nao, na mtu akikuuzia B12 ya uyoga muulize maswali.

Lakini iko vitamini moja ya kuvu ambayo mtu wa Nairobi anaweza kuitengeneza kwa paa lake bila kiwanda, na hii ndiyo nilimwachia kijana. Uyoga una kitu kinaitwa ergosteroli, na mwanga mkali wa jua ukiupiga kinageuka vitamini D2. Sisi tuko karibu na ikweta, jua la saa sita hapa ni kali mwaka mzima. Unakata mamama, ule uyoga wa chaza wa kawaida, unaupanga vile vifuniko viangalie chini na mikunjo iangalie juu, unauanika juani mchana saa moja au mbili, kisha unamalizia kuukausha na kusaga. Watoto wengi wa hizi ghorofa wanakaa ndani siku nzima, jua hawalioni, na matege huanzia hapo. Huo ni uyoga wa kula, unajulikana, umenunuliwa kwa mkulima anayejulikana, haukuokotwa.

Mwezi uliopita alianika kilo nne za kwanza, pale pale paani alipokuwa analinda vile vichupa vinne. Mama wa unga alikuja mwenyewe kupanda ngazi, akachukua uyoga mmoja mkavu akauvunja, akaunusa, akauonja kidogo kwa ncha ya ulimi, kisha akauliza umekaa juani kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi. Kijana akafungua daftari akamsomea.